Kamera Inayoogopa Maji

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa na fedha ya kununua kamera, na kwa miezi hiyo hiyo mitatu sijainunua. Fedha yenyewe si yangu peke yangu. Sehemu ni akiba yangu, na sehemu ni mchango wa wenzangu wachache, wahadhiri na wahitimu, tunaokusanya kumbukumbu za maisha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika ukanda unaoanzia Kahama hadi Geita. Tulikubaliana jambo moja jepesi: kamera inunuliwe, ipelekwe Masumbwe, ifanye kazi. Hatukukubaliana ni kamera gani.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kamera ya kitaalamu ya kizazi hiki kipya kisicho na kioo cha ndani, yenye lenzi za kubadilisha. Ya pili ni kamera ndogo ya mfukoni isiyoingiza maji, ya aina wanayoinunua wapiga mbizi na wapanda milima. Mtu anaweza kusema hili ni suala la dukani, halistahili ukurasa unaojadili siasa na jamii. Naomba msomaji anivumilie. Kadiri nilivyozidi kulipima ndivyo nilivyozidi kuona kwamba swali la kamera ni swali la mahali anaposimama mtazamaji, na mahali anaposimama mtazamaji ndiko siasa inakoanzia.

Kwa asiyepajua, Masumbwe ni mji mdogo wa wilaya ya Mbogwe, kando ya barabara kuu inayotoka Kahama kwenda Ushirombo, Nyakanazi na hatimaye Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Malori ya mizigo hupita hapo usiku na mchana. Zamani tulikuwa wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Geita, na wilaya ya Mbogwe ikamegwa kutoka Bukombe, tukahama mkoa bila kuhamisha hata chungu. Wenyeji ni Wasumbwa na Wasukuma, lakini leo utasikia lugha nyingi sokoni, kwa sababu dhahabu huita watu. Mabondeni kuna mpunga, juu kuna mahindi na tumbaku, na katikati ya hayo yote kuna maduara, makarasha na mialo.

Duara ni shimo la kuchimbia. Karasha ni mashine inayosaga mawe yakawa unga. Mwalo ni mahali unga huo unapooshwa kwa maji ili dhahabu itengane na mchanga. Katika maneno hayo matatu wamo maadui watatu wa kamera: giza, vumbi na maji.

Niseme kwanza sifa za kamera kubwa, maana sipendi kuishinda kwa kuionea. Kamera za kitaalamu za zamani zilikuwa na kioo ndani kilichopeleka taswira kwenye jicho la mpigaji, kikapanda kila picha ilipopigwa. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, iliyokiondoa kioo hicho na kumwonesha mpigaji taswira kwa skrini. Mwaka 2013 Sony wakatoa A7, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu tuliyoizoea. Mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakaingia uwanjani na kamera zao zisizo na kioo zenye kihisi cha ukubwa huo. Kamera niliyokuwa nikiitazama, Sony A7 IV ya mwaka 2021, ina pikseli milioni 33. Kamera ndogo ninayoilinganisha nayo, OM System TG-7 ya mwaka 2023, ina pikseli milioni 12, na kihisi chake hakizidi sana milimita 6 kwa 4 na nusu. Ukipiga hesabu ya eneo, kihisi cha kamera kubwa kinakizidi cha ndogo kiasi cha mara 30.

Kihisi hukinga mwanga kama beseni linavyokinga mvua. Beseni pana hupata maji hata kwa manyunyu. Kikombe husubiri mvua ya haja. Ndani ya duara, ambako mwanga ni ule wa tochi ya kichwani, tofauti hiyo si ya kinadharia. Kamera kubwa hukupa uso wa mtu, jasho lake, na matimba yanayoshikilia ukuta nyuma yake. Kamera ndogo hukupa chengachenga na kivuli.

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito kuliko ya mwanga. Aliileta mwanafunzi wangu mmoja, binti aliyezaliwa na kukulia Geita. "Mwalimu," aliniambia, "kampuni kubwa zikitaka picha za migodi yao huajiri wapiga picha wenye vifaa vya mamilioni. Sisi tukienda kwa wachimbaji wadogo tubebe kikamera cha kuogelea? Kwa nini maskini apigwe picha kwa kifaa cha maskini?"

Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali lake halikuwa la kujibiwa kwa mzaha. Picha nzuri ni heshima. Wazazi wetu walijua hilo walipovaa nguo za sikukuu na kwenda studio kusimama mbele ya pazia lililochorwa ziwa na minazi. Walitaka kizazi kijacho kiwaone wakiwa watu kamili. Mchimbaji mdogo, ambaye mara nyingi huonekana magazetini akiwa maiti au mtuhumiwa, ana haki ya picha moja ya maana maishani mwake. Hoja hiyo naikubali yote, na nitairudia.

Sasa bei. Sony A7 IV ilipotangazwa Marekani, mwili wake mtupu, bila lenzi, uliuzwa dola 2,499. Lenzi ya daraja la juu ya milimita 24 hadi 70, toleo la mwaka 2022, ilitangazwa kwa dola 2,299. TG-7 ilitangazwa kwa chini kidogo ya dola 550. Hapo bado hujaweka usafiri wala kodi. Kwa maneno mengine, fedha ya kamera moja kubwa na lenzi yake hununua kamera ndogo nane na chenji ikabaki. Kamera moja inakaa mkononi mwa mtu mmoja. Nane zinaweza kukaa mikononi mwa watu nane. Wachumi wataona hapo tofauti ya bei. Mimi naona tofauti ya katiba.

Na hiyo kamera ndogo si mchezo wa watoto. Imeundwa kuzama hadi mita 15, kuvumilia kuanguka kutoka mita 2.1, kuvumilia mgandamizo wa kilo 100, na kufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, sifa ambayo Masumbwe haijawahi kuihitaji. Katika vipimo vya kimataifa vinavyoanza na herufi IP, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Kamera hii ina 6 ya vumbi, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na 8 ya maji. Kamera kubwa nayo imezibwa dhidi ya vumbi na unyevunyevu kwa kiasi, lakini haikuumbwa kuzamishwa, na kila unapobadili lenzi umefungua mlango wa nyumba wakati upepo wa karasha unavuma.

Asili ya kamera za aina hii inafundisha. Mwaka 1961 ilitoka Ufaransa kamera iitwayo Calypso, kazi ya Mbelgiji Jean de Wouters, kwa ajili ya wapiga mbizi wa Jacques Cousteau. Mwaka 1963 Nikon wakaichukua na kuiita Nikonos. Ilizaliwa kwa sababu rahisi: waliotaka kuiona bahari walichoka kuipiga picha wakiwa ufukweni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na sikukielewa dukani wala vitabuni. Nilikielewa shambani kwa mama yangu mdogo.

Mama mdogo analima majaruba mawili ya mpunga bondeni, nje kidogo ya mji. Juu ya bonde hilo kuna mtu aliyejenga mwalo. Mvua zikishika, mabwawa ya mwalo hujaa, na maji ya rangi ya majivu hushuka majarubani yakiwa yamebeba marudio. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa. Mahali panapotumika zebaki kukamatia dhahabu, sehemu ya zebaki hiyo hubaki humo. Msimu ule mpunga wake ulidumaa, ukawa njano kabla ya wakati wake. Alikwenda kulalamika katika ofisi moja ya umma. Akaulizwa ushahidi. Akasema, njooni mwone.

Walikuja baada ya wiki tano. Gari lilikoma barabarani, nao wakakoma lilipokoma gari. Wakapiga picha tatu kwa simu: moja ya bonde, moja ya mwalo kwa mbali, na moja yao wenyewe wakiwa pamoja na mlalamikaji. Wakati huo maji yalikwisha kukauka na nyasi zimeota. Katika picha zile bonde letu ni zuri kama picha ya kalenda.

Sisemi maofisa wale walikuwa na nia mbaya. Walikuwa na viatu vya ofisi na simu zisizopenda maji. Lakini tazama matokeo: kifaa kinachoogopa maji kilimfundisha mwenye kifaa kuogopa maji, na mwenye kifaa akaandika taarifa kutoka mahali pakavu. Ni taarifa ngapi za nchi hii zimeandikwa kutoka mahali pakavu? Ni tafiti ngapi za vyuo vyetu zina picha zilizopigwa pale lami inapoishia?

Machi mwaka jana nilikwenda Masumbwe na kamera mbili za kuazima, moja ya kila aina, ili nipime kwa mikono yangu. Siku ya kwanza nilitoka na ile kubwa. Mvua haikuwepo. Nilisimama ukingoni mwa mwalo mmoja, nikaomba ruhusa, nikapewa. Wanawake waliokuwa wameinama waliinuka, wakafunga kanga zao vizuri, mmoja akamfuta mtoto kamasi. Kazi ikasimama. Nilipata picha nzuri mno. Nyuso zile zingeweza kutundikwa katika jumba lolote la sanaa. Lakini nilipozitazama usiku niliona kwamba hakuna mguu hata mmoja uliokuwa ndani ya maji. Nilikuwa na picha za watu wa mwalo, mwalo wenyewe haumo.

Siku ya pili mvua ilikuja tangu alfajiri. Kamera kubwa ilibaki ndani, imefungwa kwenye mfuko kama mgonjwa. Niliweka ile ndogo mfukoni, nikakunja suruali, nikaingia jarubani nikimfuata mama mdogo. Topeni iliniponyoka, nikaiokota na kuisuuza kwenye ndoo.

"Mwanangu," mama mdogo akacheka, "hiyo ni kamera au ni sahani?"

"Ni kamera, mama mdogo. Haiogopi maji."

"Basi nipe mimi. Wewe hujui pa kutazama."

Nilimpa. Alinionesha kwanza kijiti alichokuwa amekichomeka ukingoni ili ajue maji yamefika wapi kila mvua inaponyesha, akakipiga picha. Kisha akaenda hadi kwenye majani marefu ambako mimi nilipita mara mbili bila kuona kitu, akayafunua, na pale palikuwa na bomba lililotoka bwawa la mwalo. Akachuchumaa hadi kamera ikagusa maji, akapiga. Katika picha ile moja limo bomba, yamo maji ya majivu yakitoka, na umo mpunga wake unaoyapokea. Imepinda, na kidole gumba chake kimo kwenye kona. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama mdogo hakuinama kwa ajili ya picha. Pale ndipo anapofanyia kazi kila siku. Mimi na shahada zangu nisingeipiga picha ile, kwa sababu nisingejua kwamba ipo ya kupigwa.

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma watauliza kama picha iliyopinda, yenye kidole, ina thamani yoyote ofisini. Ina thamani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinasema taarifa ya kielektroniki haitakataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Uzito wake hupimwa kwa kuaminika kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kupelekwa, na namna mtengenezaji wake anavyotambulika. Sheria haiulizi kihisi kina milimita ngapi. Kamera ile ndogo huandika ndani ya kila picha tarehe, saa na, kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, mahali ilipopigwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita 60 hazibishaniwi kwa maneno. Hupimwa, na picha yenye majira yake ya ramani ni mwanzo wa kipimo.

Na ukubwa? Pikseli milioni 12, zikichapwa kwa ubora wa kawaida wa vitabu, hutoa picha ya takriban sentimita 34 kwa 25, kubwa kuliko karatasi ya A4. Pikseli milioni 33 hutoa kiasi cha sentimita 59 kwa 40. Ya pili inafaa ukuta wa maonesho. Ya kwanza inafaa jalada. Katika nchi yetu haki za watu wengi hupatikana au hupotea ndani ya jalada la A4.

Historia ya picha kama shahidi ni ndefu, na haina upole. Mwaka 1904, huko Baringa katika Kongo ya Mfalme Leopold, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala akiwa ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa katika ukatili wa biashara ya mpira. Picha ile na nyingine za aina yake zilisaidia kuitikisa dola ya mtu aliyekuwa mfalme. Hapa kwetu, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, wakati polisi wakitawanya mkutano wa kisiasa. Picha zilizopigwa na waandishi wenzake zilimwonesha akiwa amezungukwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Wale waandishi hawakuwa mbali na tukio. Walikuwa humo.

Na pale picha inapokosekana, au isipojulikana ilipigwa lini na wapi, ubishi hauishi. Watu wa ukanda wetu wanaijua Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale, na miaka michache baadaye wanaharakati wa LEAT walipeleka madai kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikana. Mwaka 2002 ofisi ya mkaguzi wa malalamiko ya Benki ya Dunia ilihitimisha kwamba haikuona ushahidi wa madai hayo. Katika mabishano yale mikanda ya video na picha nazo zilibishaniwa: zinaonesha nini, na ni za tukio gani. Sikuleta habari hii ili nimpe mtu ushindi leo. Nimeileta kwa sababu inaonesha gharama ya jamii nzima kuingia katika jambo zito bila kumbukumbu yake yenyewe, iliyopigwa na watu wanaojulikana, siku inayojulikana.

Aidha, misiba ya ukanda huu ina tabia ya kutokea chini, ndani, majini. Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na maji machafu. Mmoja wao alifariki baadaye. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la marudio ulibomoka katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, na tope likaingia katika mashamba na makazi ya watu. Dunia iliona picha za kutoka angani. Angani pana faida yake: unaona ukubwa wa tope. Lakini kutoka angani huoni ghala la nani limejaa, wala alama ya tope imefika kwenye kitasa au juu ya dirisha. Hayo huonekana kwa aliyesimama ndani.

Hata hivyo, siwezi kuihukumu kamera ndogo bila kuitaja dhambi yake. Kamera kubwa ina adabu moja: haijifichi. Anayeibeba ametangaza nia, na anayetaka kukataa anapata nafasi ya kukataa. Kamera ndogo huingia mfukoni, na kinachoingia mfukoni kinaweza kuiba. Machimboni mtu mwenye kamera hudhaniwa askari, mwekezaji au mpelelezi wa mwenye leseni, na si mara zote dhana hiyo ni ya uongo. Yupo mchimbaji asiyetaka nyumbani wajue aliko. Yupo mtoto ambaye hapaswi kuwa pale, na picha yake inaweza kumwadhibu yeye badala ya aliyempeleka. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kwa hiyo kamera ndogo inahitaji kanuni kubwa: uliza kabla, onesha baada ya kupiga, futa ukiambiwa futa, na mpe mtu nakala yake ya karatasi.

Tena haiogopi maji kwa sharti. Milango yake ya betri na kadi ina mpira wa kuzuia maji, na chembe moja ya mchanga ikikaa juu ya mpira ule, maji yatapita. Katika mji unaoishi kwa kutafuta chembe ndani ya mchanga, sharti hilo si dogo. Lazima awepo mtu wa kuisafisha kila jioni, kwa kitambaa na subira.

Basi nirudi kwa mwanafunzi wangu na swali lake: kwa nini maskini apigwe picha kwa kifaa cha maskini? Nimelitafakari, na jibu langu ni kwamba swali lina neno moja linalohitaji kuguswa, nalo ni "apigwe". Tukibaki katika kupigwa, ana haki kabisa. Apigwe kwa kilicho bora. Lakini Nsala hakuwa na kamera. Picha yake ilikwenda Ulaya ikafanya kazi kubwa, na yeye akabaki pale alipokuwa. Karne moja na zaidi imepita, na bado tunajadiliana ni kifaa gani kizuri cha kumwelekezea mtu, kana kwamba hakuna njia nyingine ya mtu huyo kuhusika na picha. Mama mdogo aliposema "nipe mimi", aliuhamisha mjadala. Kifaa kinachoweza kutoka mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake, chenye tope, kikarudi kikiwa na jambo nisilolijua, hicho si kifaa cha maskini. Ni kifaa cha raia.

Na heshima ya picha nzuri? Hiyo haihitaji tununue kamera kubwa. Pale Masumbwe yupo mpiga picha wa harusi na mahafali, mwenye kamera ya kitaalamu, taa mbili na jicho zuri kuliko langu. Anaishi na watu hao, anawajua kwa majina ya koo zao. Anachokosa ni mtu wa kumlipa kwa kazi isiyo ya harusi.

Hivyo nimeandika mapendekezo haya na kuwapelekea wenzangu. Tununue kamera ndogo nne badala ya moja kubwa. Moja ikae kwa kikundi cha wanawake wa mwalo, moja kwa wakulima wa bondeni, moja kwa vijana wa maduara kwa matumizi ya juu ya shimo na mahali pa usalama tu, na moja ibaki kwetu. Zinachajiwa kwa waya wa aina ya simu za kisasa, kwa hiyo paneli ndogo ya jua inatosha. Fedha inayobaki igawanywe mara mbili: sehemu imlipe mpiga picha wa mjini kwa siku maalumu za kupiga sura za watu, wakiwa wamevaa wanavyotaka, sehemu ilipie uchapaji, ili kila aliyepigwa apate picha yake, na kila jambo lenye malalamiko lipate karatasi yake ya A4 yenye tarehe, mahali na jina la aliyepiga, ikiwa ameridhia kutajwa.

Tutapoteza kitu, na ni haki kusema tunachopoteza. Picha za ndani ya duara zitakuwa hafifu. Maonesho makubwa ya ukutani, ambayo wafadhili huyapenda, yatachelewa. Baadhi ya picha zitapinda na vidole vitakuwa vingi. Mwenzangu mmoja amekwisha kuniambia kwamba hakuna jarida la kitaaluma litakalozichapa. Huenda ni kweli.

Kuhusu shauri la mama mdogo, halijaisha. Lakini safari hii halikurudishwa kwa swali la ushahidi uko wapi. Limerudishwa kwa swali la nani mwenye mwalo ule, na leseni yake inasemaje. Kwa anayezijua ofisi zetu, hiyo ni hatua ndefu. Kwa sababu hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa jambo moja lisilohitaji bajeti wala waraka: siku mwananchi anapokuletea picha iliyopinda, yenye tope kwenye lenzi, usimuulize kwanza kwa nini si nzuri. Muulize alikuwa amesimama wapi alipoipiga, kisha chukua jozi ya mabuti nawe ukasimame hapo.